Maboksi na silinda nimeyashika. Sasa nifuate mikao ya watu, perspektivu au vivuli?

PenseliYaIlazo

Wakuu, habari za jioni. Najifunza kuchora mwenyewe. Sina mwalimu, nina simu, penseli mbili (HB na 4B) na madaftari ya shule. Mistari yangu sasa inanyooka, boksi naweza kulichora likiwa limegeuka upande wowote, silinda na mpira pia. Tatizo ni kwamba kila video inanivutia kwake. Huyu anasema anatomia, yule anasema rangi, mwingine anasema rudi kwenye maboksi.

Ninachokitaka nakijua. Nataka nikae Soko la Majengo hapa Dodoma nichore kinachoendelea: mama na mafungu yake ya nyanya, vijana wa mikokoteni, wateja wanaobishana bei. Si picha za kuuza wala za kutia fremu. Muda wangu ni kama saa moja jioni nikishafunga kibanda cha uwakala, na Jumapili baada ya ibada.

Nimelinganisha hivi:

Mikao ya haraka, yaani mtu mzima kwa dakika moja au mbili, kisha unahamia kwa mwingine. Haina gharama, na watu wa kuchora mjini hapa hawakosekani. Ubaya wake, ukurasa unajaa vitu kama mende waliokanyagwa na hujui kama unapanda au unashuka.

Perspektivu, yaani kuonyesha umbali kwenye karatasi, ina kanuni, ukikosea rula inakuumbua. Lakini sokoni hakuna kilichonyooka. Nguzo zimeinama, maturubai yamelegea. Naogopa nitamaliza miezi nikichora majengo ya Mji wa Serikali kule Mtumba wakati nataka watu.

Mwanga na kivuli: hata nyanya moja ikipata kivuli kizuri inapendeza kuliko mtu asiye nacho. Ila ni kazi ya polepole, picha moja inakula jioni nzima.

Nyuso nimeziweka kando kwa makusudi. Nawasilisha.

FundiBango

Perspektivu. Wengi wanadhani ni somo la majengo, kumbe ndani yake kuna jambo moja ambalo ni la watu kabisa.

Mstari wa upeo ni kimo cha macho yako wewe unayechora. Ukisimama penye sakafu tambarare, macho ya kila mtu aliyesimama mwenye kimo kama chako yanakaa kwenye mstari huohuo, awe hatua tatu mbele yako au kule mwisho wa kichochoro. Vichwa havishuki kwa sababu mtu yuko mbali. Kinachohama ni miguu: wa mbali miguu yake inapanda kuusogelea ule mstari, wa karibu miguu yake inashuka mpaka chini ya karatasi.

Ukikaa kwenye kigoda mambo yanageuka. Mstari sasa unawakata waliosimama tumboni au kiunoni, wote mahali palepale mwilini, na waliokaa kama wewe ndio macho yao yanaangukia mstarini. Ukilielewa hilo tu unaweza kulijaza soko zima watu bila kugusa rula. Usipolielewa, mtu wa nyuma ataonekana mtoto na wa mbele jitu.

Perspektivu ya nukta mbili, ya nukta tatu, ngazi na matao, hayo yasikusumbue sasa. Ukitaka zoezi la Jumapili, toka nje ya mji utafute nyumba ya tembe. Ni boksi refu lenye paa bapa, na hata udongo ukiwa umemomonyoka bado ni boksi.

DadaCherehani

FundiBango sikupingi kuhusu mstari wa macho. Lakini huyo kijana wa mkokoteni hasimami kungoja upige mstari. Utakapomaliza kuwaza upeo yeye ameshafika Nkuhungu.

Mimi ni fundi wa nguo, mwili naujua kwa tepu. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba, saba na nusu. Mtoto anayejifunza kutembea ana kama vinne tu, ndiyo maana ukichora mtoto kwa vipimo vya mkubwa unapata mzee mfupi. Lakini vipimo havikupi mkao. Mkao unauona hivi: mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda na bega la upande huohuo linashuka. Mabega na nyonga yanapishana. Angalia wanawake wanaosubiri daladala, kila mmoja amefanya hivyo. Halafu muangalie mwenye ndoo kichwani, hana mchezo huo, shingo na mgongo vimenyooka chini ya mzigo.

Kwa hiyo kwenye dakika yako moja anza na mstari mmoja kutoka kichwani hadi mguu unaobeba uzito. Kisha mteremko wa mabega, kisha wa nyonga. Mikono mwisho. Uso usiuguse kabisa.

Kuhusu kujua kama unapanda: mpe mtoto wa jirani ukurasa wako, muulize "huyu anafanya nini?" Akisema anabeba, anainama, amechoka, umepata. Akisema "ni mtu", rudia.

Na kama unaona aibu kuchora watu hadharani, washa televisheni wakati wa Bunge. Wamekaa saa nzima, wanageuka, wanainuka, wanakaa. Mikao ya bure hiyo.

KidoleSkrini

Mkuu 2024 ilishapita, penseli ya nini? Pakua programu ya kuchorea kwenye simu, piga picha sokoni, iweke chini, fuatisha juu yake. Wiki mbili unatisha.

PenseliYaIlazo

@KidoleSkrini simu yangu ndiyo ofisi, inashinda inapokea miamala. Ikiisha chaji nimefunga biashara.

MwlKondoa

Naongeza njia ambayo hukuiweka. Nafundisha huku Kondoa, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi Kolo kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Waliochora pale hawakutumia kivuli wala perspektivu. Ni watu wembamba, warefu kupita kiasi, kwa rangi nyekundu ya udongo, na bado unatofautisha aliyeinama na anayekwenda. Mnyama unamtambua kwa umbo la nje tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni umbo la nje. Chukua HB yako, ilaze, mjaze mtu wote kwa kijivu kimoja kama kivuli ukutani, bila macho wala vifungo vya shati. Ukishindwa kumtambua hivyo, hata ukimtia vivuli vya siku tatu hatatambulika. Na jifunze kuchora nafasi tupu: lile pembe tatu kati ya mkono na kiuno, ule upenyo kati ya miguu ya meza. Nafasi tupu haina jina, hivyo kichwa chako hakikudanganyi kwa kukuletea umbo ulilolizoea. Unachora unachokiona.

Soko limejaa nafasi tupu. Kwa muuza nyanya, usichore nyanya, chora mianya iliyo kati ya mafungu.

(Mkienda Kolo msiguse ile michoro wala kuimwagia maji ili ionekane vizuri kwenye picha. Tunawaambia kila mara.)

MamaZabibu

Nimewasoma wote, na naona vivuli vimenyimwa mtetezi. Nipo Hombolo, nalima zabibu, nachora kwa mkaa.

Mwanangu, kivuli si kazi ya jioni nzima. Ni kazi ya jioni nzima kwa sababu unatumia penseli yenye ncha na unataka kulainisha kila kona. Kunja macho mpaka vitu vidogo vipotee. Utabaki na sehemu za giza, za katikati na za mwanga. Weka hizo tatu tu, dakika kumi umemaliza. Turubai juu ni giza, vumbi la njiani ni mwanga, watu wako katikati. Hapo tayari soko linaonekana, hata kama mikono haijakaa sawa.

Saa za kuchora nazo zina maana kuliko mnavyodhani. Dodoma tuko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi jua la mchana linasimama karibu wima juu ya kichwa. Nenda saa sita na nusu miezi hiyo uone, kivuli cha mtu kimejikunyata miguuni na uso wote uko gizani chini ya paji. Utajisumbua bure. Saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni kivuli ni kirefu, kinakuonyesha ardhi ilivyo na kinamfunga mtu pale aliposimama. Huo mguu anaousema FundiBango, kivuli ndicho kinachoukalisha chini.

Mkaa huhitaji kununua. Tukipogoa mizabibu tunabaki na vijiti. Chagua vinavyolingana na penseli kwa unene, menya gamba, vipange kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu dogo, weka kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma kutoka, epua, na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, la sivyo hewa ikiingia vinashika moto na unabaki na jivu. Wachoraji wa Ulaya wametumia mkaa wa mzabibu karne nyingi, sisi huku tunauchomea shambani.

PenseliYaIlazo

Asanteni sana, ila sasa nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake: fundi wa mabango kasema mistari, fundi wa nguo kasema miili, mkulima wa zabibu kasema mkaa wa zabibu. Wote mmeeleza vizuri. Mimi nitajuaje?

KalamuNyekundu

Utajua ukienda. Umetuuliza kitu ambacho karatasi inaweza kukujibu. Nenda Majengo Jumapili hii, kaa, chora unachotaka kuchora. Usisubiri uwe tayari. Dakika ishirini, picha moja, watu wasiopungua watano. Rudi nyumbani, iache mpaka kesho yake, kisha iangalie ukijiuliza swali moja: ni kitu gani kikirekebishwa picha nzima inanufaika? Hicho ndicho cha kufanyia mazoezi. Baada ya mwezi nenda tena, uliza tena, jibu litakuwa limebadilika.

Watu wanaofuata kozi tangu somo la kwanza hadi la mwisho wanachora vizuri sana mazoezi ya kozi. Nimewaona wengi. Ukiwaambia wachore bodaboda wanatafuta video.

Jambo jingine, gawa hiyo saa yako. Nusu zoezi, nusu chora unachopenda hata kama kibaya. Ukiifanya yote zoezi, hutafika Desemba.

PenseliYaIlazo

Nimekwenda. Picha siiweki, msinilazimishe. Nimeiangalia jana na leo kama KalamuNyekundu alivyosema.

Watu wanaelea. Kila mmoja peke yake si mbaya, mama wa nyanya hata jirani kamtambua kwamba ameinama anapanga. Lakini wakiwa pamoja, mmoja yuko hewani, mwingine kazama ardhini mpaka magotini. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti ya soda na nimewachora kana kwamba nimesimama. Kivuli sikuweka kabisa na sikuona kama ndicho kinachokosekana kwanza.

Kwa hiyo naona hivi: jioni mikao ya haraka kama alivyosema DadaCherehani, lakini kila ukurasa naanza kwa kupiga mstari wa macho, na kila mtu namkalisha kwenye huohuo. Perspektivu yangu inaishia hapo kwa sasa. Umbo la nje la MwlKondoa nalitumia siku nikichoka. Mkaa ngoja kwanza.

FundiBango

Safi. Ongeza kitu kimoja: weka alama ya miguu kabla ya kumchora mtu. Kinukta tu chini, kinukta kwenye mstari. Umbali kati yake ndio kipimo chake: ukiwa umesimama ni hadi machoni, ukiwa umekaa ni hadi tumboni au kiunoni mwa aliyesimama. Halafu mwili unaujenga kwa kipimo hicho.

MamaZabibu

Sawa, ila usiuache mkaa mpaka uwe bingwa wa mistari. Waliofanya hivyo huwa wanakuja kuogopa giza, picha zao zote za kijivu. Hata mara moja kwa wiki, kunja macho, weka toni tatu, basi. Na kivuli chini ya miguu weka kuanzia leo, ni mkwaruzo mmoja tu.

PenseliYaIlazo

Mkwaruzo mmoja nitauweza mama, shikamoo. Swali dogo la mwisho: madaftari ya mistari yananichosha macho, na karatasi nzuri ni bei. Mnatumia nini kwa mikao? Na mnawaambia nini watu mnaowachora? Yule mama aliniuliza kama natoka manispaa.

DadaCherehani

Rimu ya A4 ya kawaida ya stationari, gawanya na wenzako wawili. Usinunue nzuri, ukinunua nzuri utaanza kuionea huruma. Mimi nabana karatasi kwenye ubao wa plaiwudi kwa vibanio vya nguo.

Kuhusu watu: nunua kwanza. Fungu moja la nyanya, msalimie, mwambie unajifunza kuchora na unaomba kukaa hapo pembeni. Akikataa, hama. Akikubali, mwonyeshe ukimaliza hata kama picha haifanani naye, atacheka na wiki ijayo atakuwekea kigoda. Usichore mtu anayehesabu pesa, hapo ndipo wanapodhani unatoka ofisi fulani.

Jumapili ijayo nitakuwa soko la Sabasaba kuanzia saa mbili asubuhi, upande wa mitumba. Atakayekuja aje na kigoda chake.