Seli ya Daniell (betri ya zinki na shaba) inasoma 0.85 V badala ya 1.10 V, kasoro iko wapi?

mkemia_mpya
Bamba la zinki liko kwenye salfeti ya zinki 0.1 M (moli kwa lita), la shaba kwenye salfeti ya shaba 0.1 M. Daraja la chumvi, linalopitisha ioni kati ya myeyusho miwili, ni ukanda wa karatasi ya chujio uliolowekwa kwenye potasiamu naitreti. Voltimita ya mshale inagoma kwenye 0.85 V. Ni kwa sababu myeyusho si 1 M? Halafu, tunaambiwa kila elektrodi (bamba ndani ya myeyusho wake) ina msawazo. Kama ni msawazo, volti inatoka wapi?

Maabara_Juu
Ukolezi hauhusiki. Kwa 25 °C, volti ya seli ni E = 1.10 − 0.0296 log([Zn²⁺]/[Cu²⁺]). Pande zote zikiwa 0.1 M uwiano ni 1, logi yake sifuri. Kupoteza 0.25 V kwa ukolezi pekee, ioni za zinki zingepaswa kuzidi za shaba zaidi ya mara milioni 200!

Shuku voltimita. Ya mshale huvuta mkondo, na mkondo huo hupoteza volti ndani ya daraja. Tuseme mita ina ukinzani wa 3,000 Ω na karatasi 900 Ω: 1.10 × 3000/3900 = 0.85 V. Weka ukanda wa pili sambamba na wa kwanza. Usomaji ukipanda, tatizo ni ukinzani. Tumia multimita ya dijitali, nyingi zina 10 MΩ.

ioni_huru
Pia sugua zinki kwa msasa mpaka ing'ae, na hakikisha ncha zote za karatasi zimezama na katikati hapajakauka. Zinki isiguse salfeti ya shaba kabisa, itapata utando mweusi wa shaba papo hapo.

Kuhusu msawazo: ni wa kila elektrodi peke yake, saketi ikiwa wazi. Atomu za zinki huingia kwenye myeyusho kama Zn²⁺ na kuacha elektroni kwenye bamba. Chaji hiyo hasi huzivuta ioni zirudi, hadi kasi ya kutoka na ya kurudi zilingane. Shaba hufanya vivyo hivyo, ila hulingana kwenye potenshali nyingine: +0.34 V, zinki −0.76 V, zote dhidi ya elektrodi sanifu ya hidrojeni. Volti unayopima ni tofauti ya misawazo hiyo miwili. Mmenyuko mzima, Zn + Cu²⁺ → Zn²⁺ + Cu, bado haujakaribia msawazo wake; K yake (kigezo cha msawazo) ni kama 10³⁷. Ukifika huko, E ni sifuri.

mkemia_mpya
Kwa hiyo shaba ikibaki nusu, volti nayo inabaki nusu?

ioni_huru
Hapana. Ujazo ukiwa sawa pande zote, Cu²⁺ inakuwa 0.05 M na Zn²⁺ 0.15 M. Uwiano ni 3, E ni 1.09 V. Hata 99% ya shaba ikiisha, uwiano ni 199 na E bado 1.03 V. Anguko kubwa huja mwishoni kabisa, kwa hiyo usikadirie kiasi kilichobaki kwa volti. Pima uzito wa bamba la shaba kabla na baada.