Watoto wanakuja likizo: mikoa tuwafundishe vipi?

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Habari za jioni wengine wote. Kabla watoto hawajakusanyika kwa Babu Desemba, nina jambo naomba tulizungumze. Jana nimemsikiliza Neema akijisomea mikoa. Kilimanjaro kahawa, Tanga mkonge, Mtwara korosho, Dodoma zabibu, anashuka nayo mpaka mwisho bila kukwama. Nikamuuliza, mkonge kwa nini uko Tanga? Akaniangalia tu. Akasema, "Mama, hiyo haimo kwenye daftari."

Babu: Marahaba mwanangu.

Baba Junior: Salama dada. Lakini mtihani ndivyo unavyouliza. Zao kuu la mkoa fulani ni lipi, chagua herufi. Junior akianza kutafuta sababu ya kila kitu, muda utamwishia.

Dada Rehema: Baba Junior, mimi nimefundisha jiografia miaka mingi, nisikilize. Mtoto akikariri orodha, baada ya likizo moja Mtwara inakuwa na mkonge na Tanga ina korosho. Akijua sababu, hachanganyi tena. Mkorosho unavumilia mchanga, na unapotoa maua unataka kiangazi, mvua ikinyesha wakati huo maua yanaharibika kwa magonjwa. Kusini mvua ni msimu mmoja, inakatika kabla ya maua. Mtoto akishaelewa hilo, hata Lindi na Tunduru ataziweka mwenyewe bila kuambiwa.

Baba Junior: Sawa, hapo umenipata kidogo. Na mkonge?

Dada Rehema: Mkonge si wa kwetu kwa asili, umetoka Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62. Mashamba yote yalianzia hapo, na miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Sasa ongeza kwamba mwaka huohuo wa 1893 ndipo reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Zao linalovumilia ukame, bandari, na reli ya kubebea mzigo. Mwambie Neema ahesabu hiyo miche 62 kwa maharage mezani. Hatasahau.

Mama Neema: Dada, hiyo nimeiandika kabisa. Ndicho ninachokitaka. Kila mkoa swali moja tu: kwa nini pale?

Mjomba Salum: Marahaba mama. Nimepaki Makambako, ndiyo nasoma sasa. Mnaongea vitu ninavyovipita kila wiki. Watoto waanzeni na barabara. Ukitoka Morogoro kuja Iringa, unapita bonde la mibuyu pale kando ya Ruaha, joto kali, mibuyu imejaa kushoto na kulia, hakuna shamba la chai wala mti wa mbao. Halafu unaanza mlima wa Kitonga. Kona juu ya kona, gia nzito, unapanda taratibu. Ukifika juu unafunga kioo. Ni safari fupi tu lakini umeingia kwenye hali ya hewa nyingine. Unasonga mbele Mafinga unakuta misonobari ya Sao Hill haina mwisho, na hapa nilipo nimevaa koti.

Dada Rehema: Mjomba, hiyo ni jiografia kamili! Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Ndiyo maana Njombe na Mufindi kuna chai. Anayeelewa Kitonga anaelewa na Lushoto, na Uluguru, na Rungwe. Milima yote inafanya kazi ileile, sema mmoja uko karibu na bahari na mwingine uko mbali.

Mjomba Salum: Basi nitawapigia picha. Moja chini kwenye mibuyu, moja juu. Waziweke pamoja waseme wenyewe kimebadilika nini.

Wifi Khadija: Asalaam alaykum. Naomba niseme jambo linaloniuma siku nyingi. Kwenye hizo orodha bara mnataja mkoa mmoja mmoja, mkifika kwetu mnaandika "Zanzibar karafuu", basi. Mikoa 31 ya nchi hii, mitano iko visiwani: Mjini Magharibi, Kaskazini Unguja, Kusini Unguja, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba. Watoto wangu ni wa huko. Sitaki wakue wakidhani upande wa mama yao ni mstari mmoja.

Babu: Una haki mwanangu. Sema, tunakusikiliza.

Wifi Khadija: Ahsante Baba. Karafuu nyingi zinatoka Pemba, si Unguja, na hilo lina kisa. Mwanzoni Unguja ndiyo ilikuwa na mashamba makubwa. Mwaka 1872 kikapiga kimbunga kikubwa, kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Kuanzia hapo Pemba ikashika nafasi. Na Pemba yenyewe imejaa vilima na ina mvua nyingi, mkarafuu unapapenda. Kusini Unguja ni habari nyingine kabisa, ardhi ya mawe ya matumbawe, msitu wa Jozani na wale kima punju wekundu ambao hawapatikani popote duniani ila Zanzibar.

Mama Neema: Wifi, samahani kwa niaba ya hizo orodha. Usiku tutakaozungumzia visiwa ni wako, uwasimulie mwenyewe.

Wifi Khadija: Nimekubali kwa moyo mmoja. Na nitaleta karafuu mbichi na kavu wazishike, waone zinavyobadilika rangi zikianikwa juani.

Baba Junior: Mimi swali langu ni mipaka. Junior ana atlasi ya zamani, ya kwangu. Haina Songwe, haina Katavi, haina Geita. Niitupe?

Dada Rehema: Usiitupe kabisa! Iweke kando ya ramani mpya. Mwaka 2002 Manyara ilimegwa kutoka Arusha. Mwaka 2012 zikaja Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Sasa mpe Junior mtihani: tanzanaiti iligunduliwa Mererani 1967 ikiwa mkoa wa Arusha, leo iko Manyara. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la karibu tani 16 lililoanguka kutoka angani, kilikuwa Mbeya, leo kiko Songwe. Mererani haijahama, na kimondo hakijasogea hata hatua. Hapo mtoto anatambua kwamba mkoa ni mstari ambao serikali imechora kwa ajili ya utawala, na ardhi iliyo chini yake ina umri wake na mambo yake. Wanafunzi wangu huwa wanashtuka sana wakifika hapo.

Baba Junior: Kumbe. Hata mimi bado nasema Mererani ya Arusha.

Dada Rehema: Wengi wanasema hivyo. Mwanza na Geita nazo ni hivyohivyo. Yale mawe makubwa ya Mwanza yanayokaa juu ya mengine ni matale ya zamani sana, miamba yenye miaka zaidi ya bilioni 2.5, udongo umeondoka kidogo kidogo yakabaki wazi. Dhahabu ya Geita imo kwenye miamba ya zama hizohizo za kale. Jiwe ambalo watoto wanalipigia picha pale ziwani na dhahabu wanayosikia kwenye redio ni habari moja.

Babu: Nimewasikiliza nyote na nimefurahi. Mimi nitachukua Tabora na Kigoma, kwa sababu ndiko ujana wangu wa reli ulikopita. Tabora msiwaambie watoto asali na tumbaku peke yake. Tabora ni njia panda. Zamani misafara kutoka pwani ilifika pale ikagawanyika, mmoja kwenda Ujiji, mwingine kaskazini kuelekea ziwa Victoria. Reli ya kati nayo ilipita hapo, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, likachepukia Tabora hapohapo. Njia za miguu zilikuwa zimeshaonyesha pa kupita.

Babu: Kigoma nitawasimulia Liemba. Meli hiyo ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikasafirishwa mpaka Kigoma kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe adui asiipate. Kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mashine zake grisi nzito ili zisishike kutu. Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kazini 1927. Wajukuu wachore hizo safari zake zote. Na waambiwe ziwa lenyewe, Tanganyika, lina kina cha mita 1,470, kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal.

Mama Neema: Baba, grisi! Neema amekaa hapa pembeni ananiomba nimsomee tena hiyo ya grisi.

Mjomba Salum: Na Lindi nani anaichukua? Watu wanaisahau sana. Magofu ya Kilwa Kisiwani yako kule, na mifupa ya dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale, ya Tendaguru.

Dada Rehema: Naichukua mimi. Kati ya 1909 na 1913 ilichimbwa mifupa ya miaka kama milioni 150, zaidi ya tani 200, wapagazi wakaibeba kwa miguu kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Watoto wapime hiyo mita 13 uani kwa kamba. Nataka wajue na jina la mnyama na migongo ya watu waliombeba, kwa sababu wale wapagazi walikuwa babu zetu wa kusini.

Baba Junior: Nakubaliana. Sasa kuna hili. Watoto wanarudi shuleni na maneno ya "watu wa mkoa huu wachoyo, wa mkoa ule wachawi". Tufanyeje?

Dada Rehema: Hayo tuyakatae waziwazi mbele yao, bila kucheka. Nchi ina makabila zaidi ya 120, na hakuna mkoa wenye tabia moja. Mtoto akisema watu wa fulani wako hivi, mrudishe kwenye swali letu: wanalima nini, mvua yao inakuja lini, wanaishi kando ya maji au mbali? Anayejua kwamba Dodoma inapata milimita 500 au 600 hivi za mvua kwa mwaka, na msimu ni mmoja, atamheshimu mkulima wa huko anayevuna zabibu mara mbili kwa mwaka.

Wifi Khadija: Maneno mazito hayo dada. Nitayasema na kwa majirani.

Dada Rehema: Kuna zoezi moja nawaomba sote tulifanye, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tone la mvua. Ramani iwe haina majina, ina mito tu. Kila mtoto achague mahali mvua inyeshe, halafu afuate maji kwa kidole. Likianguka Mara linaingia Victoria, linatoka na Nile, linafika Mediterania. Likianguka Tabora linafuata Malagarasi hadi Tanganyika, linatoka kwa mto Lukuga kuingia Kongo, mwisho wake Atlantiki. Likianguka Iringa linashuka Ruaha na Rufiji hadi bahari ya Hindi. Na likiangukia bonde la Rukwa haliendi popote, lile ziwa halina mto wa kutokea. Mikoa minne, njia nne, na yote ni nchi moja.

Mjomba Salum: Loo. Nimepita mito hiyo maisha yangu yote sijawahi kuifuata kwa kidole namna hiyo.

Mama Neema: Neema anauliza swali, nanukuu: "Na Dar es Salaam je? Kwenye orodha haina zao."

Babu: Swali zuri sana. Mwambie Dar ina maji ya kina yaliyofichwa na mawimbi, mlango wake mwembamba. Bagamoyo ndiyo ilikuwa mashuhuri, lakini meli kubwa zilitia nanga mbali kwa sababu ufuko wake ni wa maji madogo. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao yao kwenda Dar. Mwaka 1905 wakaanza reli ya kati kutokea hapo bandarini, mwaka 1907 ikafika Morogoro.

Mama Neema: Anasema, "Kwa hiyo zao la Dar ni bandari." Ameandika kwenye daftari.

Babu: Aiache hivyohivyo alivyoandika. Waje na kalamu za rangi, ramani kubwa ya ukutani ninayo.

Baba Junior: Na mimi nakuja na ile atlasi. Bado hajapatikana wa Kagera na Mara, nani anajitolea?

Mjomba Salum: Kagera niwekeeni mimi.