Mjadala: Zahanati za pembezoni zinunuliwe jenereta au zifungiwe sola?

Mwanzisha Mada: Ndugu wachangiaji, zahanati iliyo mwisho wa laini ya umeme, ambako nguzo moja ikianguka watu hukaa gizani siku kadhaa, inunuliwe jenereta ya dizeli au ifungiwe sola na betri? Mimi naegemea jenereta kwa sababu huwaka hata mvua ikinyesha wiki nzima, na kwa sababu, tusifichane, betri zikipelekwa huko hazidumu. Watu wa pembezoni hawana desturi ya kutunza vitu.

Nesi wa Usiku: Swali lako nitalirudia baadaye, maana hiyo kauli ya mwisho imenichoma. Zahanati niliyoanzia kazi ilikuwa na hiyo jenereta unayoisifu, tena mpya, ndani ya kibanda ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mtu asiyepatikana usiku. Nimemshona mzazi huku msaidizi akinimulikia kwa simu iliyobakiza chaji asilimia 9, naye akiizima kila nilipokuwa natunga uzi ili isituishie njiani. Sisi ndio tusiojua kutunza?

Mwanzisha Mada: Dada, sikukulenga wewe. Hata hivyo, kisa cha ufunguo ni kasoro ya uongozi, si ya jenereta.

Fundi Saketi: Basi na betri kufa mapema nayo si kasoro ya wanakijiji. Betri ya asidi inayonyonywa kila usiku chini ya nusu ya ujazo wake haidumu, hata akiitunza malaika. Nimefungua mifumo ya namna hiyo: mchoro unaonyesha taa na friji ya chanjo, lakini ukiufuata waya unakuta televisheni, pasi na chaja kumi, kwa kuwa hakuna aliyetenganisha saketi ya dharura na matumizi mengine. Kwa chanjo hata betri si lazima, kwani zipo friji zinazoendeshwa moja kwa moja na paneli, zinazogandisha barafu mchana na kuulinda ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kwa siku 3 au zaidi jua likipotea.

Mzee wa Dizeli: Barafu haimpi mgonjwa pumzi, Fundi. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula wati 300 na ushee mchana na usiku, na mawingu yakitanda siku nne hizo paneli zitageuka mabati ya bei ghali. Hospitali kubwa nyingi hutegemea jenereta umeme ukikatika.

Msomaji Kimya: Hospitali kubwa? Kimbunga Sandy kilipoipiga New York mwaka 2012, si jenereta za hospitali ya Bellevue zilizama?

Mzee wa Dizeli: Hazikuzama, kijana. Zilikuwa ghorofa ya 13. Zilizozama ni pampu za mafuta zilizokuwa chini, na watu wakapandisha dizeli ngazini kwa mikono.

Msomaji Kimya: Ahsante kwa kunisahihisha, ila umenijengea hoja. Zahanati yenye watumishi wawili itawatoa wapi watu wa kupandisha mafuta? Baada ya Kimbunga Maria, Septemba 2017, barabara nyingi za Puerto Rico zilizibwa, na pale Adjuntas majirani walikimbilia Casa Pueblo, kituo cha jamii, kuendesha vifaa vyao vya matibabu, kwa kuwa jengo hilo lilikuwa na sola tangu awali.

Mwanzisha Mada: Tumefika Puerto Rico na bado sijaambiwa ninunue nini.

Fundi Saketi: Nunua vyote viwili kwa kipimo: sola na betri kwa mzigo wa kila usiku, na jenereta ndogo ya kuzichaji siku za mawingu, iwashwe kila mwezi hata kama haihitajiki, kwa maana dizeli iliyolala mwaka stoo huchacha. Uliza pia aina ya inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa sola uweze kuendesha vifaa vya kawaida, kwani ile iliyotengenezwa kwa ajili ya gridi tu, yaani laini ya umeme ya kawaida, huzima gridi inapozima, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo, na utakaa gizani ukizitazama paneli zako.

Nesi wa Usiku: Nakubali, mradi swichi iwe ndani ya chumba cha kujifungulia, si kibandani.

Mwanzisha Mada: Na maji ya betri ataongeza nani?

Nesi wa Usiku: Hapa nilipohamia zipo betri 8 na ninaongeza mimi. Tarehe nimeziandika kwa kalamu ukutani juu ya sanduku. Ya mwisho ni Jumanne.