Bustani ya usharika na mablanketi ya viraka: tunadi mavuno au tugawe moja kwa moja?

Mstaafu wa Njombe

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mke wangu alikuwa muuguzi. Tulipostaafu tulirudi nyumbani Njombe, na baraza la wazee la usharika wetu likaturuhusu kulima kipande cha ardhi kilicho nyuma ya kanisa, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kimeota magugu tu. Huu ni mwaka wetu wa nne. Tunapanda kabichi, chainizi, karoti na njegere. Ifikapo Juni, baridi inapouma na siku nyingine sakitu kuonekana juu ya majani alfajiri, mke wangu huketi kwenye cherehani yake akiunganisha vipande vya vitenge ambavyo mafundi wa mjini humwekea kwenye kiroba badala ya kuvichoma moto. Katikati huweka blanketi kuukuu, chini huweka bitana, na kazi ikikamilika tunawapa wazee na wajane wanaoishi peke yao.

Hadi mwaka jana mboga zetu zilipelekwa madhabahuni pamoja na sadaka nyingine za mavuno, kisha zikanadiwa nje baada ya ibada, na fedha ikaingia mfuko wa diakonia, yaani wa kuwahudumia wahitaji. Hata hivyo tuliona kwamba wanaoondoka na kabichi ni wenye uwezo wa kupandisha bei, ilhali mjane anayeishi hatua chache kutoka bustanini hakupata hata jani moja. Mablanketi nayo yalikabidhiwa mbele ya kanisa, majina yakisomwa kwa sauti. Mama mmoja mzee hakufika siku hiyo, na mke wangu alipompelekea lake jioni, alisema kwamba aliona aibu kusimama mbele ya watu aliowafundisha shule ya Jumapili walipokuwa watoto. Neno hilo limetuumiza sana. Naomba ushauri wenu kuhusu mgawanyo wa mboga na namna ya kutoa mablanketi. Mke wangu anauliza pia kwa nini mengine hujikunja na kufanya mabonge baada ya kufuliwa mara mbili au tatu.

Fundi wa Makambako

Shikamoo baba, na mama umfikishie shikamoo yangu. Naanza na swali la mama, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kitenge cha pamba hurudi kikilowa maji kwa mara ya kwanza, na kingine huchuja rangi, kwa hiyo vipande vyote viloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Asichanganye pamba na polista katika blanketi moja, kwa sababu pamba itarudi na polista itabaki ilivyo, na hapo ndipo mikunjo huanzia. Blanketi la katikati nalo lifuliwe kwanza. Mabonge kwa kawaida hutokea pale tabaka la kati linapokuwa limeshikwa pembeni tu. Atandaze matabaka yote matatu sakafuni, ayanyooshe, apige bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza, kutoka katikati kuelekea pembeni, kisha afunge mafundo ya uzi mnene wa pamba kila baada ya nusu shibiri, sindano ikipenya hadi kwenye bitana. Mafundo hayo yanatosha. Hana haja ya kupitisha cherehani juu ya blanketi zima, kazi ambayo huchosha mgongo na kuvunja sindano.

Mzee wa kanisa, Lushoto

Mwalimu, nakuomba usiuache mnada kabisa. Mfuko wa diakonia hununua dawa, nauli ya hospitali na madaftari ya yatima, vitu ambavyo tuta la kabichi haliwezi kuvitoa. Lakini malalamiko yako ni ya haki. Katika Walawi 19 Waisraeli waliagizwa wasivune pembe za mashamba yao, bali wawaachie maskini na mgeni. Sisi tulitenga matuta mawili yaliyo kando ya njia, tukatangaza mara moja tu kwamba mwenye uhitaji achume mwenyewe, wala hakuna anayesimama kuhesabu. Nami nitaongeza jambo la kilimo: usipande chainizi palipotoka kabichi, kwa kuwa ni jamii moja na magonjwa yao ni yale yale. Fuatisha njegere au karoti.

Mwanausharika aliye Minnesota

Shikamooni wazee wangu. Huku Minnesota, Marekani, ambako Sinodi ya Saint Paul ina ushirika na Dayosisi ya Iringa uitwao Bega kwa Bega, nimewakuta wastaafu wanaofanya kazi kama yenu. Kina mama hushona mablanketi ya viraka kanisani, na mengi hupelekwa nchi nyingine kupitia shirika la Lutheran World Relief. Kipimo chao ni inchi 60 kwa 80, yaani karibu sentimita 150 kwa 200, na wengi hufunga kwa mafundo kama alivyoeleza fundi. Lililonigusa ni utaratibu wao kabla ya kuyasafirisha. Mablanketi hutandazwa juu ya mabenchi ya kanisa, waumini huyaombea Jumapili hiyo, na hakuna jina la mpokeaji linalotajwa. Labda nanyi mnaweza kuyabariki mbele ya watu wote, kisha yapelekwe majumbani kimya kimya.

Mstaafu wa Njombe

Marahaba, wanangu, na ahsante kwako mzee mwenzangu. Nimemsomea mke wangu majibu yote. Kuhusu mabonge amekiri kwamba alikuwa akifunga mafundo pembeni peke yake, na leo ameloweka kiroba kizima cha vipande. Nitamwomba mchungaji tuyatandaze mablanketi mabenchini Jumapili ya kwanza ya Juni, na wazee wa jumuiya wayapeleke jioni. Matuta matatu ya upande wa njia hatutayavuna. Yule mama wa shule ya Jumapili ameomba kuja kusaidia kufunga mafundo, kwa kuwa macho yake bado yanaona tundu la sindano, na mke wangu amekwisha kumtengea kiti karibu na dirisha.