Mia mbili ya matatu! Nimefukuzwa kwa kupima injini ya 504

Mwana504
Wakuu, nimeingia nyumbani saa hii, chai imepoa mezani na mikono bado inatetemeka. Ni yule jamaa. Mnamjua. Yule wa kofia ya ngozi, ambaye gari la zamani likitangazwa Nairobi hii lazima awe ndiye dalali, au shemeji ya mwenyewe. Leo amenipa shilingi mia mbili, nauli ya matatu. Mia mbili! Mbele ya Mzee wangu!

Nianze mwanzo. Peugeot 504 wagoni ya 1979, ile ya viti vya safu tatu iliyobeba nusu ya nchi hii kwenda Nakuru na Kisumu. Tangazo: "injini ya tangu kiwandani, haijawahi kufunguliwa." Bei: laki nane na nusu. Nikamwambia kwenye simu, ndugu yangu, tafadhali, kesho usiiwashe mpaka tufike. Injini baridi ndiyo husema ukweli. Akasema hamna shida.

Tumetoka Thika saa kumi na moja alfajiri na Mzee, fundi aliyekuwa anashika hizi 504 mimi sijazaliwa. Tumefika Karen saa mbili. Mzee akaweka kiganja kwenye boneti. Moto! Ungekaanga mandazi juu yake ukalisha harusi. Injini ikishapata moto hutajua kama inawaka kwa shida asubuhi, hutaona moshi wa kwanza ni wa rangi gani, na kifuniko cha rejeta hufungui, utaungua uso.

Haya, tukanyamaza. Boneti ikafunguliwa. Injini imepakwa rangi ya fedha kama bibi harusi, mpaka namba ya injini imefunikwa. Mzee akakwangua kidogo kwa ukucha: namba si ile ya logibuku. Nati za hedi zina alama mpya za spana, na silikoni nyekundu imevuja pembeni mwa gasketi. Haijawahi kufunguliwa! Mzee akafungua kifuniko cha oili, ndani kuna uji. Uji wa rangi ya chai ya maziwa. Hapo maji na oili vimekutana, sihitaji kuambiwa na mtu.

Bado tulikuwa na adabu. Mzee akaomba apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Tukatoa plagi zote nne, nikakanyaga mafuta mpaka chini, nikapiga staata. Silinda ya kwanza, 140. Ya pili, 90. Mzee akashika geji kwenda ya tatu. Na ya tatu ndiyo ilikuwa iseme kila kitu, kwa sababu silinda mbili zinazopakana zikishuka pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao.

Hapo ndipo alipoipiga boneti. BAAM. Mkono wa Mzee umetoka kwa neema ya Mungu tu. Kiserian walisikia. Akasema: "Gari hii si ya watu wa kupima, ni ya watu wa kulipa." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya mia mbili, akaniwekea kifuani: "Shika, ya matatu, wewe na fundi wako."

Fundi wako! Mtu wa miaka sabini na mbili! Hakumsalimu hata shikamoo. Mia mbili, Karen mpaka Thika, watu wawili.

PlagiKavu
Pole sana. Swali moja tu. Uliichukua hiyo mia mbili?

Mtu_wa_Ngara
Nami nilikuwa nauliza hilo hilo.

Mwana504
Hilo ndilo mnaona la kuuliza? Mtu amepaka rangi juu ya namba ya injini! Ukienda NTSA, kule wanakosajili magari, kuhamisha hiyo gari, na injini iliyo ndani siyo iliyoandikwa, utazunguka mpaka uzeeke. Halafu anipe mia mbili!

Mama_Datsun
Huyo namjua. Mwaka juzi alimwonyesha kaka yangu Datsun 1200, ametia oili nzito kama asali ili isitoe moshi. Wamefika nayo Limuru ikafuka moshi wa bluu hadi basi la nyuma likasimama. Ringi za pistoni zote zimekwisha. Kaka alimpigia simu akaambiwa, "Hiyo ni tabia ya magari ya zamani." Tabia!

Mtu_wa_Ngara
Kompresheni 90 si mwisho wa dunia. Mngetia kijiko cha oili kwenye silinda mkapima tena. Ikipanda, ni ringi. Ikikaa pale pale, ni vali au gasketi. Hamkufanya hivyo, sasa mnalia.

Mwana504
Kijiko tungetia saa ngapi na boneti imefungwa? Wewe umesoma nilichoandika? BAAM, na mkono wa Mzee ulikuwa ndani!

Mtu_wa_Ngara
Nimesoma. Ulikaa sana. Ukikuta injini moto wakati mmepatana iwe baridi, unageuka unaenda zako. Hapo kwenye boneti ndipo ulipaswa kuondoka. Wewe ukabaki kutoa plagi za mtu anayekudanganya.

Kobe_wa_Kileleshwa
Ndiyo maana nasema nunueni Beetle. Haina rejeta, haina maji, hiyo habari ya gasketi ya hedi huijui kabisa. Unashika puli ya krenki nyuma pale, unavuta na kusukuma. Ikigonga tak-tak, bearingi zimechoka, unaenda nyumbani. Dakika moja. Hakuna wa kukupa mia mbili.

PlagiKavu
Na Beetle ikiungua moto pale Uthiru kwa sababu ya mpira wa petroli uliooza, hiyo nayo dakika moja.

Kobe_wa_Kileleshwa
Mpira wa petroli unabadilishwa, bwana! Gari lilishinda Safari Rally 1962, unaliambia nini?

Mzee_wa_404
Tukianza habari ya Safari, wengine mkae chini. Peugeot 404 ilishinda 1963, ikarudi 1966, 1967 na 1968, miaka mitatu mfululizo. 504 ikachukua 1975 na 1978. Matope ya Kenya yanamjua nani?

Mama_Datsun
Shekhar Mehta alishinda mara 5. Ya kwanza ilikuwa 1973 na Datsun 240Z, kisha 1979 hadi 1982 bila kupumzika. Mtaje hilo pia, msichague miaka.

Mwana504
Wakuu. Mia mbili. Kifuani. Mbele ya mtu mzima.

Mzee_wa_404
Kijana, ngoja nikuambie kitu kuhusu hiyo injini, maana umenigusa. Slivu za 504, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni zile zinazokaa ndani ya maji. Ukitoa hedi bila kuzibana slivu, halafu mtu azungushe krenki, zinasogea kidogo tu, zile sili za chini yake zinaachilia, maji yanateremka kwenye sampu, lile beseni la oili. Huo uji ulioona pengine si gasketi peke yake. Fundi wa haraka alifungua, hakubana, akafunga, akapaka rangi. Hata ungebadilisha gasketi, uji ungerudi. Mzee wako amekuokoa, umnunulie nyama.

Mwana504
Ahsante Mzee. Ndivyo Mzee wangu alivyosema njiani, maneno hayo hayo. Na ndiyo maana nina uchungu, mtu mwenye ujuzi huo anaitwa "fundi wako" na mtu aliyejifunza magari kwa kuuza picha.

Nyaboke_K
Karen hadi Thika kwa mia mbili haiwezekani. Kuna ya kuingia mjini, kuna ya Thika. Mara mbili, watu wawili. Na kama mvua ilinyesha leo asubuhi, ndiyo kabisa.

Dereva_wa_Githurai
Inategemea saa. Saa nne asubuhi ya Thika inashuka. Lakini ile ya Karen haishuki, wale wanajua mko mbali.

Nyaboke_K
Jana wamenitoza mia na hamsini, Ngong Road tu! Na makanga akasema hana chenji mpaka nikashuka bila hamsini yangu. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Dereva_wa_Githurai
Mama, petroli unaiona bei yake?

PlagiKavu
Mwana504 bado hujajibu.

Mwana504
Sawa. Mimi sikuichukua. Ilianguka chini kwenye changarawe. Mzee ndiye aliinama, akaiokota, akaipangusa, akaikunja mara mbili akatia mfuko wa shati. Akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa: "Naiweka. Ukija Thika kutafuta mtu wa kukufungulia hiyo injini, nitakurudishia."

Mzee_wa_404
Huyo ni mtu.

Mama_Datsun
Nimesimama wima hapa jikoni.

Mtu_wa_Ngara
Basi amekula mia mbili ya bure, analalamika nini?

Mwana504
WEWE. Hata kama ingekuwa elfu kumi! Alimfungia boneti mkononi!

Fundi_Kariobangi
Kwa vile mmekusanyika watu wa 504, kuna mwenye mpira wa mlango wa nyuma wa wagoni? Wangu umekatika, maji yanaingia mpaka kwenye spea.

Kobe_wa_Kileleshwa
Zunguka Kirinyaga Road, lakini beba kipande cha ule wa zamani. Ukienda mikono mitupu watakupa wa pikapu.

Fundi_Kariobangi
Nimezunguka kote, mpaka Grogan ya ndani. Wananipa wa mita, unaachia baada ya wiki.

Mwana504
Wakuu, tunaweza kurudi kwa huyu mtu? Kesho atampigia mwingine asiye na Mzee wa kumsaidia.

Mzee_wa_404
Fundi, mpira ninao, nilitoa kwenye gari lililokufa. Ni wa mlango wa juu mzima au upande mmoja tu?

Fundi_Kariobangi
Mzima. Nitumie picha, Mzee wangu.