Ufa barabarani pembeni ya shimo la zamani la dhahabu, naombeni ushauri kabla mvua hazijakolea

boda_wa_chunya:
Wakuu habari zenu. Mimi ni bodaboda huku Chunya, nahitaji mwenye uelewa wa miamba au barabara. Njia yetu ya vumbi ya kwenda kwenye lami inapita ubavuni mwa shimo kubwa la wazi lililoachwa miaka mingi, wachimbaji walishahama chini yamebaki maji tu. Zamani kati ya barabara na ukingo watu walikuwa wanalima mahindi, siku hizi ukisimama barabarani unarusha jiwe bila nguvu linatumbukia. Msimu wa mvua uliopita ukingo ulimeguka mara mbili, zote usiku. Sasa wiki hii nimeona ufa kwenye barabara yenyewe, umefuata ukingo kama hatua ishirini hivi, kidole kinaingia. Watu wakamwaga kifusi wakasawazisha, siku ya nne ukarudi palepale. Asubuhi napakia wanafunzi, ukungu ukishuka huoni mbele, na Fuso za marudio, ule mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu, zinapita hapohapo. Niliripoti ofisi moja wakasema watakuja, mpaka leo sijaona mtu. Huu ni udongo kukauka tu au ardhi inaondoka?

mpimaji:
Pole sana ndugu. Udongo ukikauka unapasuka vipandevipande kama gamba la kobe, hauchori mstari. Ufa unaofuata ukingo maana yake kipande cha upande wa shimo kimeanza kuachana na cha nyuma, na ukikuta upande wa shimo umeshuka hata kidogo kuliko wa pili basi hali ni mbaya zaidi. Nimepima kuta za mgodi wa wazi miaka sita, nakwambia adui mkubwa ni maji, yanajaa kwenye ufa yanausukuma mwamba kwa nje huku yanalainisha tabaka la chini ambalo kile kipande kimekalia. Ndio maana kifusi hakisaidii, kinapitisha maji kama chujio. Chimbeni mtaro upande wa juu maji ya mvua yasifike kwenye ufa kabisa, na ufa uzibwe kwa mfinyanzi wa kushindilia, ila watu wasirundikane pale. Alafu piga vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima na tepu kila siku saa ileile uandike. Ukiona leo umetanuka kuliko jana na jana kuliko juzi, funga njia usisubiri ruhusa ya mtu.

dereva_makongolosi:
Jamani kufunga njia mnaongea kirahisi. Sisi tunapita na mzigo kila siku, ule mzunguko mwingine una korongo, mvua ikinyesha gari halivuki, na watu wana wagonjwa wa kupeleka hospitali. Wekeni tuta la mawe pembeni gari lisidondoke, inatosha.

mpimaji:
Kaka hoja ya wagonjwa nakubali kabisa. Ila tuta linazuia gari lisiingie shimoni, halizuii barabara yenyewe isiende. Migodini tuta linakuwa angalau nusu ya kimo cha tairi la gari kubwa linalopita, sasa ukiutupia mlima huo kwenye ukingo uliokwisha pasuka umeuongezea uzito. Fuso zikae mbali kwanza, hilo mimi silegezi.

mama_tukuyu:
Hata kwa wenzetu wenye hela ilitokea. Australia, jimbo la Victoria, mji wa Morwell, barabara kuu ya Princes Freeway imepita karibu na mgodi wa wazi wa makaa wa Hazelwood. Februari 2011 baada ya mvua kubwa zikaonekana nyufa, wakaifunga miezi kadhaa, magari yakawa yanapita katikati ya mji, huku wanatoboa matundu ya kulala kwenye ukuta wa mgodi maji yatoke. Walikuwa na kumbukumbu mbaya, maana mwaka 2007 jirani yao Yallourn ukuta uliporomoka mto Latrobe ukamwagika mgodini.
Mdogo wangu andika barua. Barabara za wilaya ni TARURA, kama ni ya mkoa ni TANROADS, nakala kwa Afisa Madini Mkazi, diwani na mtendaji wa kijiji. Weka picha ya ufa ukiwa na rula juu yake na tarehe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo yanapotea.

boda_wa_chunya:
Asanteni sana. Vigingi nilipiga jumapili, ilikuwa sentimita 61, jumatatu 61.2, jana 61.5, leo jioni 62. Na upande wa shimo umeshuka, nimelaza ubao nimeona. Mwenyekiti wa kijiji nimempeleka kwa macho yake, tumekata miiba tumefunga pande zote mbili, barua inaenda kesho. Kuna mzee amekubali tupite kwenye mihogo yake, wanafunzi watatembea hapo.

dereva_makongolosi:
Kwa namba hizo sibishi tena. Kwa mzee Fuso inapita?

boda_wa_chunya:
Haipiti kaka, labda ikiwa tupu.

dereva_makongolosi:
Basi nawaambia wenzangu usiku huu huu, kuna wawili wanapakia saa hizi.