Pikipiki ya mkopo: bima ya mkopeshaji, nikate mwenyewe, au ndogo inatosha?

Mwana_Ilomba
Habari za jioni wadau. Naomba ushauri, Jumatatu natakiwa kusaini. Nachukua Boxer 150 kwa mkopo hapa Mbeya mjini, bei 3,250,000. Wamenipa njia mbili za bima. Ya kwanza wananiwekea wao bima kubwa, ile inayolipia hadi pikipiki yenyewe, 320,000 kwa mwaka, inaingia humo humo kwenye mkopo. Ya pili natafuta mwenyewe nawapelekea, wakiikubali sawa. Nimepita kwa wakala mmoja Mwanjelwa kanipigia hesabu 230,100, VAT ikiwa ndani. Halafu kuna jamaa wa kijiweni anasema nikomae na ndogo tu, hela inayobaki niweke mafuta. Nifuate ipi?

Fundi_Kabwe
Umeandika kama unaagiza chipsi. Pikipiki ya biashara au ya kwendea kazini? Mkopo wa muda gani? Kianzio umeweka ngapi? Kadi ya umiliki itasoma jina la nani?

Mwana_Ilomba
Samahani mkuu. Miezi 18, kianzio 500,000. Ya kadi sijawauliza.

Fundi_Kabwe
Swali la kwanza umeliruka, na ndilo lenyewe.

Mnyalu_Kihesa
Kamweneni. Mimi niko Iringa, naendesha mwaka wa sita sasa, bima yangu ni ndogo kila mwaka. Mara ya mwisho nimelipa 59,000, stika inasoma, trafiki akinisimamisha Ipogolo anaangalia, ananiachia. Hizo bima kubwa za pikipiki ni biashara ya watu. Sijawahi kumwona mtu kalipwa pikipiki mpya.

Bibie_Uyole
Kaka Mnyalu, yako umeshamaliza kuilipia, ya kwake ni ya mkopo. Hapo ndipo mnapotofautiana. Bima ndogo ni ya watu wengine: umemgonga mtembea kwa miguu, umevunja taa ya gari la mtu, wanalipwa wao. Chuma chako kikiibiwa au kikiingia chini ya lori pale mteremko wa Iwambi, bima ndogo haikupi hata shilingi, na rejesho la wiki linaendelea kudaiwa. Ndiyo maana wakopeshaji wengi hawakubali ndogo, wanaogopa kubaki na deni lisilo na pikipiki.

Mwana_Ilomba, nimekaa kwa wakala wa bima muda, nikuambie ninachokijua. Usianze na bei. Anza na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Kuna bima ya pikipiki binafsi na kuna ya kubeba abiria kwa kulipwa. Ya binafsi ni rahisi, na mawakala wenye haraka wanapenda kuiandika hiyo ili mteja asikimbie. Siku ya ajali, wa bima akijua ulikuwa na abiria aliyekulipa, dai limekufa hapo hapo.

La pili, mkopo wako miezi 18 na bima ni mwaka mmoja. Ile miezi sita ya mwisho nani analipia? Wengine wanakuongezea kwenye rejesho bila kukuambia, wengine wanaiacha inakatika na wewe unaendelea kuendesha hujui.

La tatu, hiyo 320,000 ikiingia kwenye mkopo inatozwa riba pamoja na pikipiki. Kwa hiyo usiilinganishe na 230,100 ya mkononi. Waombe wakuonyeshe jumla utakayolipa ikiwa na bima yao na jumla ikiwa haina, ndiyo utajua tofauti halisi.

Chuma_Nzovwe
Dada umemaliza. Mimi naongeza tu aende NIC, ni shirika la bima la umma, haliwezi kufunga ofisi usiku likapotea.

Fundi_Kabwe
Kampuni zote za bima zilizosajiliwa zinasimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima. Usimpeleke mtu kwa ushabiki. Aende na namba ya pikipiki kwenye TIRAMIS, mfumo wao wa mtandaoni, akaangalie kama stika iko hai na ni ya kampuni gani, hayo mengine ni Simba na Yanga.

Chuma_Nzovwe
Ushabiki gani? Nimetoa maoni yangu.

Mvua_ya_Tukuyu
Ngoja niwape yangu, maana hapa watu wanazungumzia bei na mimi nina kidonda.

Nilichukua pikipiki ya 2,900,000 kwa mkopo, bima kubwa wakaniwekea wao. Sikupewa hati, nilipewa ujumbe kwenye simu kwamba umekatiwa bima. Mwezi wa saba wa mkopo nikapata mteja Kabwe, mama na gunia la mchele, anakwenda Isyesye. Tumefika saa moja jioni, giza linaingia, nyumba iko juu ya ngazi za udongo. Akaniomba nimsaidie kupandisha. Nikafunga shingo ya pikipiki, funguo mfukoni, gunia begani. Nimelitua sebuleni, maji ya kunywa nimeyakataa kwa haraka, natoka nje, pikipiki hakuna. Alama ya tairi tu kwenye tope na mtoto wa jirani anasema wamekuja wawili, wameisukuma.

Nikapiga simu kwa mkopeshaji, maana ilifungwa kifaa cha kufuatilia. Wakasema kimeonekana mara ya mwisho Igurusi, kisha kimezima. Usiku ule ule niko kituoni, nimeandikisha, asubuhi nimechukua ripoti.

Sasa sikilizeni sehemu ya bima. Wanataka ripoti ya polisi, sawa. Wanataka kadi halisi, iko kwa mkopeshaji. Wanataka funguo ZOTE MBILI, kuhakikisha sikumpa mtu wa pili akaondoka nayo. Ya pili anayo mkopeshaji tangu siku ya kwanza! Nikaenda tawini, wakasema ya akiba inatunzwa makao makuu, andika barua. Nimeandika. Wiki zinapita, naambiwa mhusika yuko likizo. Wakati huo huo ujumbe wa rejesho unaingia kila Ijumaa, na faini juu yake. Namuuliza dada wa mezani, hivi mnanidai rejesho la pikipiki ambayo funguo yake mmeikalia nyie? Ananijibu mfumo ndio unatuma, si yeye.

Ililipwa baada ya miezi minne. Waliithamini 2,500,000 kwa sababu si mpya tena, wakakata asilimia 10, ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe kwenye wizi, ikabaki 2,250,000. Mimi sikuiona. Ilikwenda moja kwa moja kwa mkopeshaji kwa sababu yeye ndiye aliyeandikwa wa kulipwa kwanza. Deni na faini lilikuwa limefika 2,610,000. Kwa hiyo bima imelipa, pikipiki sina, na nilidaiwa 360,000. Nimezimaliza kwa kuuza ndizi za mama yangu.

Sisemi bima ni mbaya. Nasema hati uipate mkononi kabla hujasaini, na hiyo funguo ya pili wakupe risiti yake.

Dada_Forest
Pole sana kaka. Ndaga fijo kwa kutuambia.

Mnyalu_Kihesa
Ndicho nilichosema. Mwenye bima kubwa na mwenye ndogo wote wametoka mikono mitupu.

Bibie_Uyole
Hapana. Mwenye ndogo angedaiwa 2,610,000 yote. Pole kaka Mvua, ila tusipotoshe hesabu. Na zile faini zilizopanda wakati funguo wanayo wao ungezipeleka mbele. TIRA wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa upande wa kampuni ya bima. Kwa mkopeshaji sehemu ya malalamiko ni nyingine, hao wako chini ya Benki Kuu.

Mvua_ya_Tukuyu
Dada, nauli ya kwenda na kurudi kila siku ningeitoa wapi? Kazi yenyewe ilikuwa imeibiwa.

Mzee_wa_Mkataba
Vijana mnajitesa. Tafuta bosi mwenye pikipiki, chukua mkataba, unampa hesabu yake kila siku, mwisho wa mkataba kadi inageuzwa jina lako. Bima ni yake, ikiibiwa ni yake. Mimi nimepata mbili kwa njia hiyo.

Fundi_Kabwe
Mzee, mikataba mingi ninayoiona hapa gereji imeandikwa "upotevu ni juu ya dereva". Wanasaini kwenye karatasi ya daftari, shahidi ni muuza chai. Na bosi mwenyewe anakata ndogo.

Mzee_wa_Mkataba
Hao mabosi wa kwako. Wa kwangu alikuwa mcha Mungu.

Dada_Forest
Naomba kuuliza, dereva mwenyewe akivunjika mguu inakuwaje? Kaka yangu alilala hospitali ya Rufaa wiki tatu mwaka juzi, tulichangishana ukoo mzima.

Bibie_Uyole
Ndogo haimhusu dereva kabisa. Kubwa inahusu chombo. Ya mwili wake ni bima ya ajali binafsi, inaongezwa pembeni, na kwa dereva wa abiria ni hela ndogo ukilinganisha na kulazwa. Ulizeni, wakala akikosa jibu hameni kwake.

Mwana_Ilomba
Asanteni sana wadau. Nimewapigia. Kadi itasoma jina langu ila wanaishika wao hadi nimalize. Bima yao ni ya mwaka wa kwanza tu, wa pili wanasema "tutaangalia". Hati wanasema inatoka baada ya kusaini. Na kuhusu matumizi, ni biashara, bodaboda. Ila sitaendesha mimi, mimi niko dukani. Ataendesha mdogo wangu, leseni bado anafuatilia.

Fundi_Kabwe
Heh.

Bibie_Uyole
Mdogo wangu, hili ndilo ungetuambia juzi. Asiye na leseni ya daraja la pikipiki akipata ajali, hakuna kampuni itakayokulipa pikipiki, iwe ya 320,000 au ya 230,100. Na aliyegongwa akilipwa, kampuni inaweza kukugeukia wewe mwenye kadi irudishiwe hela yake. Unalipia karatasi.

Mwana_Ilomba
Lakini anajua kuendesha vizuri sana, tangu yuko darasa la saba huko Igoma anapandisha viazi.

Fundi_Kabwe
Wa bima hapandi naye viazi. Anauliza leseni.

Chuma_Nzovwe
Aende shule ya udereva, VETA au nyingine, apate cheti, apimwe na trafiki, akalipie TRA. Na jina lake litajwe kwenye fomu ya bima kama dereva. Usisaini Jumatatu, mkopo haukimbii.

Mwana_Ilomba
Kianzio nimeshalipa, na wamesema pikipiki zimebaki mbili.

Mnyalu_Kihesa
Zimebaki mbili tangu mwaka gani? Mimi nilichukua simu duka moja Mafinga, nayo ilikuwa imebaki moja. Nimepita mwezi uliofuata, bado imebaki moja.

Dada_Forest
Hahaha.

TVS_Daima
Nyie wote mmemwacha anunue Boxer hakuna aliyemstua. Kama ni ya kupandisha viazi kutoka Igoma, achukue TVS HLX. Boxer ukiipa gunia mbili na mtu kwenye kile kilima inapumua.

Fundi_Kabwe
Inapumua kwa sababu mnaifunga sproketi za kukimbilia lami. Nimefungua zote mbili, injini ya Boxer vipuri vyake unavipata hata Chunya saa mbili usiku. TVS ukiharibikiwa Makongolosi unalala huko.

TVS_Daima
Nimekaa Makongolosi miaka, vipo. Mafuta umehesabu lakini?

Mvua_ya_Tukuyu
Kwa mvua za Rungwe zote zinateleza. Angalieni tairi.

Mwana_Ilomba
Bibie, na akipata ile leseni ya kujifunzia, hiyo inahesabika kwa bima?

Bibie_Uyole
Kwa kubeba abiria hapana. Njoo inbox nikuelekeze maswali ya kumuuliza wakala, usiyaulize kwa simu, waombe wakujibu kwa maandishi.

TVS_Daima
Fundi, hiyo sproketi ya kupandia mlima unaiuza bei gani?

Fundi_Kabwe
Njoo Kabwe, usije na HLX tu.